Sheria Haikuyaua Magari ya Misuli

Kuna hadithi ambayo wapenzi wa magari ya Kimarekani hawachoki kuisimulia, na hata wanafunzi wenzangu walioyaona magari hayo kwenye filamu tu huirudia kana kwamba walikuwepo. Pontiac GTO ilitoka 1964, raha ikatawala barabarani, kisha ikaja sheria ya hewa safi ya 1970, nchi za Kiarabu zikafunga mafuta 1973, na magari ya misuli yakafa. Viwanda havina kosa lolote. Mimi nakataa.

Tuanze na namba zinazoletwa kama ushahidi. Corvette ya kawaida ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 300 mwaka 1970, na 200 mwaka 1972. Farasi mia wameibwa! Na nani? Sehemu kubwa ya upungufu huo ni kipimo tu. Zamani injini ilipimwa ikiwa peke yake, bila ekzosi ya gari wala vifaa vingine vinavyoila nguvu. Tangu 1972 ikapimwa kama inavyokaa ndani ya gari. Hao 300 hawakuwahi kufika barabarani.

Kwamba nguvu zilipungua kweli, sibishi. Injini zilipunguziwa mgandamizo ili zikubali petroli isiyo na madini ya risasi, na bima za vijana zilipanda mno. Lakini kampuni zilijibu kwa nini? Kwa rangi! Tazama Firebird Trans Am ya 1975: injini ya lita 6.6, nguvu za farasi 185, na juu yake picha ya ndege aliyetanda karibu boneti nzima. Ndege alinenepa, injini ikakonda. Ford nao walileta Mustang II ya 1974 bila V8 kabisa, na wanunuzi (tusiwasahau hao) wakachukua zaidi ya 380,000 mwaka wa kwanza.

Kama sheria ndiyo muuaji, marehemu alifufukaje sheria ilipozidi kuwa kali? Mustang GT ya 2005, yenye sura iliyoazimwa kwa babu yake wa miaka ya 1960, ilitoa 300 za kweli kwa injini ya lita 4.6 tu. Challenger Hellcat ya 2015 ilifika 707. Zote mbili zilipita vipimo vya moshi ambavyo GTO ya 1964 isingevikaribia. Kilichobadilika ni uhandisi: kompyuta ikapima petroli kwa uangalifu, mahali pa kabureta iliyokuwa ikikisia.

Sasa Camaro imekoma baada ya modeli ya 2024, na kilio ni kilekile: serikali, serikali. Mauzo yake yalikuwa yameshuka kwa miaka kadhaa, na malalamiko yalijulikana: madirisha membamba mno, dereva haoni nje vizuri. Hakuna sheria ya hewa iliyoagiza dirisha liwe jembamba.