Kabla ya kulipia mche, shika jani

Mvua ndefu ikikaribia, wateja hufurika kwenye vitalu vya Karatina. Huuliza bei, kisha urefu wa mche. Jani hawaligusi. Mimi nauza miche, na hilo hunikera, kwa sababu jani lingewaepusha na hasara.

Makadamia ndiyo inayowaumiza wengi. Aina yake iitwayo integrifolia, ikikomaa, hutoa majani matatu matatu kwenye kila kifundo, yana vikonyo, na kingo zake hazina miiba au zina michache. Aina nyingine, tetraphylla, hutoa manne manne, karibu hayana vikonyo, na ukipitisha kidole ukingoni utadhani umegusa msumeno. Njugu zake zina sukari nyingi, ukizikaanga hugeuka kahawia. Machotara huwa katikati. Ila tahadhari: integrifolia changa iliyoota kwa mbegu nayo ina miiba, kwa hiyo kagua majani yaliyo juu ya kiungo cha kupandikizia. Msimu uliopita mzee mmoja aliniletea tawi la miti aliyouziwa kando ya barabara kama integrifolia. Majani yalikuwa manne manne, makali. Miti ilikuwa imemlia miaka ya shamba.

Kahawa nayo husomeka. Aina ya SL34 huchipua vichomozo vya rangi ya shaba. Vya SL28 mara nyingi ni kijani. Halafu geuza jani. Juu linang'aa kwa nta. Matundu ya kupumulia yako chini, na kutu ya majani hupenyea huko huko, ikiacha unga wa rangi ya chungwa. Anayekagua upande wa juu pekee huchelewa kuuona.

Mama zetu walijua haya kwa vidole. Majani ya muigoya, yenye manyoya mororo, waliyatumia kuvundikia ndizi. Thabai, mboga zinazowasha, walizichuma kwa uangalifu, kwani vinyweleo vyake ni sindano tupu ndani zinazokatikia ngozini na kumwaga sumu. Zikichemshwa, ukali huisha na zinaingia kwenye mukimo, chakula chetu cha kupondwa.

Naomba maafisa wa kilimo wa kaunti waje na matawi kwenye baraza za machifu, wakulima wayashike na kuyalinganisha. Nasi wenye vitalu tuwe na mti mzazi uliokomaa karibu na lango, na mteja aruhusiwe kuchuma jani lake na kulilinganisha na la mche kabla hajatoa hata shilingi.