Ukisema "sisi", nami nimo?

Leo nataka tutembee hadi Ngara, ng'ambo ya Mto Nairobi ukitoka katikati ya jiji. Kuna duka moja la vitambaa huko ambalo mwenyewe alikuwa mzee wa Kigujarati, na barazani pa duka hilo aliketi fundi wa cherehani, Mkikuyu kutoka Murang'a. Mteja alinunua kitambaa ndani, akapimwa nje. Wawili hao walikuwa wamekula chumvi pamoja kwa miaka 26. Hata hivyo, siku moja walinuniana, wakakaa majuma mawili mazima bila kusemezana, na kisa chenyewe kilikuwa neno moja tu la Kiswahili. Neno hilo nitalifikia. Kwanza hebu tuzitazame lugha walizonyonya pamoja na maziwa ya mama zao.

Mtu akitaka kuonyesha jinsi lugha mbili zinavyoweza kuachana, huenda akachukua Kicheki, kinachosemwa Prague katikati ya Ulaya, na Kikechua, lugha ya Wainka, ambayo hadi leo inasemwa na mamilioni ya watu katika milima ya Andes huko Peru, Bolivia na Ekwado. Mimi nasema, nauli yote hiyo ya nini? Kigujarati na Kikuyu vilitenganishwa na kizingiti cha duka, navyo vimeachana vivyo hivyo. Tena, usishangae, msomaji, ukisikia kwamba Kigujarati ni jamaa wa mbali wa hicho Kicheki. Lugha hizo mbili, pamoja na Kiingereza, ni za ukoo mmoja ulioenea kutoka India hadi Ulaya. Tatu kwa Kicheki ni *tři*, kwa Kigujarati ni *tran*. Kumi ni *deset* kule, *das* huku. Moto ni *oheň* kwa Wacheki, na *aag* kwa Wagujarati. Kikuyu nacho ni ndugu wa Kiswahili, jambo ambalo halihitaji mwalimu: *ithatũ* ni tatu, *mũtĩ* ni mti, *nyũmba* ni nyumba.

Tuanze na midomo. Wagujarati wana sauti ambazo wengi wetu hatuzisikii hata tukitega sikio. Ukitamka *pal* umetaja kitambo kidogo cha wakati. Ukiitoa *p* hiyo kwa pumzi, kama mtu anayezima mshumaa, ikawa *phal*, umetaja tunda. *Daal* ya ulimi unaogusa meno ni dengu, ile ile tunayoila na chapati, lakini ulimi ukijikunja kuelekea kwenye kaakaa, *daal* hiyo hiyo inageuka kuwa tawi la mti. Kikechua cha Cuzco nacho kinaujua mchezo huu wa pumzi, na kimeongeza wake: *tanta* ni mkusanyiko, *thanta* yenye pumzi ni kitu kilichochakaa, na *t'anta*, ambayo *t* yake hupasuka kama zile za Waamhara, ni mkate. Mtu mwenye njaa asipoangalia ataagiza matambara.

Basi mzee mwenye masikio hodari namna hiyo, mbona alisema "veve" badala ya "wewe"? Ni kwa kuwa katika Kigujarati *v* na *w* si sauti mbili. Ni sauti moja, na haidhuru midomo imekaaje. Fundi, ambaye aliicheka "veve" hiyo mpaka akashika mbavu, mwenyewe alisema "rakini" na "kura chakura" bila kujisikia. Kikuyu hakina *l*. Wala hakina *d* mpaka kwanza itanguliwe na *n*, ndiyo maana duka likawa *nduka*, na dirisha likawa *ndirica*. Kila mmoja alikuwa akimcheka mwenzake kwa kosa la mama yake mzazi, kana kwamba ni la kichwa chake.

Hapa safari ya neno gari hunifurahisha sana. Kwa Kigujarati ni *gaadi*, na ile *d* ni ya ulimi uliojikunja. Waswahili wa pwani wakaisikia kama *r*, wakasema gari. Neno likapanda bara, Mkikuyu akaliwekea *n* yake mbele, likawa *ngari*. Ila aangalie sana irabu ya mwisho, maana *ngarĩ* ni chui! Pesa nazo zilitoka huko huko India, kwenye *paisa*, zikafika Murang'a zikiitwa *mbeca*. Kwa hiyo kila mwisho wa juma, fundi alipomdai mzee *mbeca* zake, alimdai kwa neno la mababu wa mzee mwenyewe, naye mzee hakulitambua hata kidogo.

Zamani nilidhani kwamba mzee husema "kitambaa mzuri" kwa sababu lugha yake haina upatanisho wa maneno. Kumbe nilikosea. Kijana mwema wa kiume ni *saaro chhokro*, msichana mwema ni *saari chhokri*, na mtoto mwema, bila kutaja jinsia, ni *saaru chhokru*. Sifa hubadilisha vazi kulifuata jina, sawa na Kikuyu kinavyosema *mũtĩ mwega*, *mĩtĩ mĩega*, *kĩndũ kĩega*. Tofauti ni kwamba Kigujarati huvigawa vitu vyote mafungu matatu, la kiume, la kike na la katikati, ilhali Kikuyu kina mafungu zaidi ya kumi, na hayana habari na uke wala uume. Mzee alijua fika kwamba sifa sharti ivae sare. Kilichomshinda ni wingi wa sare za Kiswahili. (Na sisi Wanairobi tusemao "kitabu yangu" kutwa kucha, tumcheke polepole.)

Wakati mwingine lugha zisizojuana hufanana kuliko ndugu. Sisi husema nyumbani, tukiibandika *-ni* mwishoni. Mkikuyu husema *nyũmba-inĩ*, na hao ni ndugu, si ajabu. Lakini Mgujarati naye husema *ghar maa*, nyumba kwanza na "katika" nyuma yake, na Mkechua husema *wasipi*, ambapo *wasi* ni nyumba na *-pi* ni ile *-ni* yetu. Mcheki ndiye anayewatoroka wote, maana yeye hutanguliza, *v domě*. Hapo jamaa wa damu wameachana, na Ngara ikasimama upande mmoja na Andes.

Sasa nimelifikia neno lenyewe. Neno hilo ni "sisi".

Kiswahili kina "sisi" moja. Kikuyu kina *ithuĩ* moja. Kicheki nacho kina *my* basi. Lakini Kigujarati kina mbili, na msemaji hana budi kuchagua kabla hajafungua kinywa. *Ame* ni sisi bila wewe ninayesema nawe. *Aapne* ni sisi pamoja nawe. Kikechua vile vile: *ñuqayku* inakuacha nje, *ñuqanchik* inakutia ndani. Lugha mbili ambazo hazijawahi hata kusalimiana, kila moja ikaona kwamba jambo hili ni zito mno kuachiwa msikilizaji akisie.

Mwaka huo kodi ya duka ilikuwa imepanda, na mzee akaamua kuhamia mahali padogo upande wa Parklands. Akatoka barazani, akasema kwa Kiswahili chake: "Fundi, mvezi ujao sisi nahama." Kisha akarudi ndani kuuza.

Fundi aliipima "sisi" hiyo kwa mizani ya maisha yake. Sisi ni nani? Ni mzee, mkewe, wanawe na wajukuu. Mwaka 2017 Serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44 la nchi hii, lakini matangazo ya Serikali hayafiki barazani upesi. Tangu enzi za mkoloni, Ngara ilipokuwa mtaa wa Wahindi, "sisi" yao ilikuwa na mipaka inayojulikana, na Mwafrika alikuwa nje yake, mara nyingi nje kabisa, juu ya baraza kama hiyo. Akaumia moyoni, asiseme kitu. Akaanza kuulizia nafasi huko Kariokor. Wateja wapya aliwaambia kwamba hapokei nguo za baada ya mwisho wa mwezi.

Mzee naye alikuwa na macho. Aliona fundi hapokei kazi, wala hafungi vitu vyake. Akajiambia, miaka 26, na leo hataki kunifuata! Naye akakaza shingo. Chai ya saa nne, ambayo ilikuwa ikitoka ndani kila siku katika vikombe viwili, ikawa inatoka katika kimoja. Mimi nilikuwa na suruali pale ikipunguzwa kiuno, nikaona hewa imebadilika, nisijue kwa nini.

Aliyekifungua kitendawili ni mjukuu wa mzee, kijana asemaye Sheng kama kondakta wa matatu. Alinihadithia mwenyewe. Fundi alimwuliza, "Mnahama siku gani hasa?" Kijana akaishika ile "mna" hewani. "Mnahama? Kwani wewe huendi?" Fundi akainamisha kichwa kwenye cherehani. Hapo kijana akageuka, akapaza sauti kumwita babu yake ndani ya duka: "Dada, *ame* ke *aapne*?" (Dada kwa Kigujarati ni babu mzaa baba, usije ukadhani alimwita dada yake.) Yaani, babu, ile sisi uliyosema ni ipi, ya bila yeye au ya pamoja naye?

Mzee hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari lake la madeni. "*Aapne*, *aapne*!" akajibu kwa hasira, kama mtu aliyeulizwa kama jua hutoka mashariki. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, ili fundi naye asikie, kwamba duka la vitambaa bila fundi ni kichwa bila macho, na kwamba veve, fundi, una akili kidogo.

Walihama Jumamosi. Mkokoteni ulipakiwa cherehani kwanza, kisha majora ya vitambaa, na fundi akatembea kando akiwa ameishika cherehani isiyumbe, huku mzee akiwafuata nyuma, akihesabu majora kwa sauti: *ek*, *be*, *tran*.