Ngoma, Dramu na Woga Wetu

Kuna fundisho moja linalopita mikononi mwa vijana wetu, kwa simu na kwa vijitabu vilivyotafsiriwa, ambalo huku Rungwe Mpya tumelisikia mara nyingi mno hata tumechoka kulinyamazia. Linasema kwamba muziki wa rock ni wa shetani kwa sababu mapigo yake yametoka Afrika, na mapigo ya Afrika yaliwekwa kwa ajili ya kuita mapepo. Fundisho hili halikuzaliwa Kasulu wala Kibondo. Lilihubiriwa na baadhi ya wahubiri wa Marekani waliokasirishwa na muziki wa vijana wao, likavuka bahari, na leo Muha anasimama mimbarani kuwaambia Waha wenzake kwamba ngoma ya babu zao ndiyo iliyoharibu watoto wa Wazungu. Na watu wanaitikia amina.

Sisi tunasema hayo ni matusi, na tena ni kosa katika mafundisho ya imani. Lakini tusijibu maneno matupu kwa maneno matupu. Tumtazame mpiga dramu mmoja wa rock ambaye mapigo yake kweli yalitoka jirani na kwetu.

Jina lake ni Chris Hughes, Mwingereza, ambaye jukwaani aliitwa Merrick. Mwaka 1980 alijiunga na bendi ya Adam and the Ants, akiwa mpiga dramu na pia mtayarishaji wa rekodi zao. Bendi hiyo ilifanya jambo lisilo la kawaida: iliweka wapiga dramu wawili, yeye na Terry Lee Miall, ili wapate mngurumo mzito ambao mtu mmoja hawezi kuutoa. Albamu yao, Kings of the Wild Frontier, ilitoka mwaka 1980 na mwaka uliofuata ikashika nafasi ya kwanza Uingereza. Bendi ilivunjika mwaka 1982. Je, Merrick aliishia mtaroni, kama vijitabu vile vinavyotuahidi kwa kila mpiga dramu? Hapana. Alirudi studio, akatayarisha rekodi za Tears for Fears, na katika wimbo wao Everybody Wants to Rule the World, uliofika kileleni Marekani mwaka 1985, yeye ni mmoja wa watunzi watatu. Ni maisha ya fundi aliyefanya kazi yake.

Ule mngurumo wa dramu mbili ulitoka Burundi. Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walirekodi muziki wa wenyeji kule, wapiga ngoma wakiwamo. Mwaka 1971 Mfaransa mwingine alichukua ngoma hizo, akamwagia juu yake gitaa na kinanda, akaiita Burundi Black, na santuri ikauzwa vizuri Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, aliimba juu ya ngoma hizo hizo. Baadaye meneja Malcolm McLaren aliwasikilizisha vijana wa Adam and the Ants, kisha akawachukua wanamuziki wa bendi hiyo, mpiga dramu David Barbarossa akiwamo, akaunda nao bendi nyingine ya Bow Wow Wow. Kwa hiyo mwaka 1981 kulikuwa na bendi mbili za Uingereza zikishindana kwa mapigo ya watu wanaokaa ng'ambo ya Manyovu. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi wenyewe walipanda jukwaani huko Shepton Mallet, katika tamasha la kwanza la WOMAD, wakapiga pamoja na bendi ya rock ya Echo and the Bunnymen.

Basi wahubiri wale wamesema kweli nusu: mapigo hayo, katika nyimbo hizo, yalitoka Afrika. Tena yalitoka mahali ambapo Muha anasikia lugha bila mkalimani. Tuulize sasa yalikuwa ya nini.

Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na utawala. Kilima cha Gishora, karibu na Gitega, kilitunza ngoma za mwami, na kazi ya kuzipiga ilirithiwa katika koo. Ngoma moja, inkiranya, husimama mbele na kuongoza. Amashakwe hushika mapigo yasiyobadilika, na ibishikizo hufuata inkiranya. Mti wake wanauita umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Zilipigwa mwami alipotawazwa, alipozikwa, na katika sikukuu ya umuganuro, wakati wa kupanda mtama. Hayo ni mambo ya serikali na kilimo. Rekodi ile ya 1967 ilifanyika mwaka mmoja tu baada ya ufalme kuangushwa, Novemba 1966, na sisi kila tukiisikiliza tunawafikiria wale watu waliokuwa wakipiga ngoma ya mfalme ambaye hayupo tena.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji. Ngoma kuu, Karyenda, ilikuwa na nyumba yake na miiko yake, na watu waliiheshimu kuliko kitu. Huku kwetu na kule kwao kulikuwa pia na kubandwa na ibada ya Kiranga, na ngoma hazikuwa mbali. Wazee waliobatizwa zamani walipoziacha walikuwa na sababu, na baadhi yao waliziacha kwa machozi. Hao hatuwacheki. Tunaowapinga ni wajukuu wao, ambao hawakuwahi kuingia katika nyumba ya Kiranga hata siku moja, ila wamejifunza woga huo upya kutoka katika kijitabu cha Mmarekani.

Tena mtu akisema kila chombo kihukumiwe kwa kilikotoka, na afike mwisho wa hoja yake. Seti ya dramu tunayoipenda iliundwa na wanamuziki wa mitaani huko Marekani, wengi wao Weusi, katika vilabu ambavyo mchungaji asingetaka kuonekana mlangoni. Matoazi yenye sifa kuliko yote duniani, ya Zildjian, asili yake ni Istanbul mwaka 1623, na yalikuwa ya bendi za jeshi la Sultani. Luther naye, mwaka 1535, aliupa wimbo wake wa Krismasi kwa watoto sauti ya wimbo wa mafumbo ambao vijana waliuimba katika michezo yao; miaka michache baadaye ndipo akaupa sauti nyingine. Huyo ndiye aliyeuweka muziki karibu kabisa na theolojia. Sisi tunaojiita kwa jina lake tumekuwa waangalifu kuliko yeye, na hatuoni kama uangalifu huo umetuongezea imani.

Wataturudia na hoja ya maisha: angalieni wapiga dramu wanavyokufa. Ni kweli. Keith Moon wa The Who alikufa mwaka 1978 akiwa na miaka 32, kwa vidonge alivyopewa vimsaidie kuacha pombe. John Bonham wa Led Zeppelin alikufa mwaka 1980, naye akiwa na miaka 32, baada ya kunywa vodka siku nzima. Tunasikitika kwa ajili yao. Lakini katika miaka yetu ya uchungaji tumezika walimu, madereva, wakulima wa maharage na mwinjilisti mmoja waliouawa na pombe, na hakuna aliyependekeza tupige marufuku chaki, usukani au jembe.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo penye aibu yetu. Tulikuwa tukienda kuhudumu kwa wakimbizi, katika kambi mojawapo ya huku Kigoma. Kulikuwa na mzee wa Kirundi aliyekimbia mwaka 2015, mkristo wa siku nyingi, mpiga ngoma tangu utotoni. Alichonga ngoma zake upya hapo kambini na kuwafundisha watoto, binti zake wawili wakiwamo. Ilipokaribia Krismasi alituomba jambo moja: Injili itakaposomwa, ngoma zimtangulie Kristo kama zilivyomtangulia mwami. Alisema, "Baba Mchungaji, Mfalme anaingiaje kimya?" Hatukuwa na jibu. Tulilipeleka ombi lake kwa baraza la wazee. Likajadiliwa kwa muda mfupi sana. Zile ni ngoma za mizimu, walisema, watoto watachanganyikiwa. Nasi tuliokuwa tumesoma theolojia, tulioandika mitihani juu ya utamaduni na Injili na kupata alama nzuri, tulikaa kimya kwa kuogopa kuitwa wachungaji wa kienyeji. Tulimpelekea jibu kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kabla ya Pasaka baraza lile lile lilipitisha harambee ya kununua seti ya dramu kwa ajili ya kwaya ya vijana. Hakuna aliyeuliza asili yake. Ilikuwa inang'aa na imetoka Mwanza.

Baadaye mzee yule alipanda malori ya kurejea Burundi. Huko mwaka 2017 ilitolewa amri ya rais inayowakataza wanawake kupiga ngoma na kuwataka wapigaji wapate kibali. Mabinti wale waliojifunza kwetu, kambini, hawataruhusiwa kwao. Mwami aliitaka ngoma iwe yake, serikali inaitaka iwe yake, nasi tulipopata nafasi ya kuiacha imtumikie Mungu tuliifungia mlango. UNESCO iliipokea mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu. Usharika haukuipokea hata Krismasi moja.

Wanaotunukulia Amosi, kwamba Mungu aliichukia kelele ya nyimbo, wasome sura ile ya tano yote. Nabii anagombana na watu waliomkanyaga maskini na kumpokonya ngano yake huku wakiimba vizuri. Mkimbizi aliyeomba kupiga ngoma Krismasi yuko upande gani wa maneno hayo, na sisi tuko upande gani? Mikali naye alimwona Daudi akicheza mbele ya sanduku la Bwana akamdharau moyoni. Alikuwa binti wa mfalme, na alijua mambo yanavyopaswa kufanyika kwa adabu.

Seti ile ipo bado pembeni mwa madhabahu, imefunikwa kitambaa cha zambarau. Kanyagio la ngoma kubwa limevunjika tangu mwaka jana, na kipuri hakipatikani Kasulu. Fundi wa Mwanza anataka fedha kwanza. Katika kikao kijacho cha baraza, kabla ya kuijadili fedha hiyo, tutaomba ajenda moja itangulie: kwamba ngoma ichongwe hapa hapa, vijana na wasichana wafundishwe kuipiga, na ipigwe Injili inaposomwa. Safari hii jibu tutalipeleka wenyewe.