Mgonjwa Mmoja, Kumbukumbu Moja

Atokaye Usevya kwenda Mpanda huikata Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kupita Sitalike kabla ya kuufikia mji. Mjamzito aliyepatwa na kifafa cha mimba, akipewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, husafiri katika njia hiyo akiwa na vitu viwili: dawa iliyokwisha kuingia mwilini mwake, na habari za dawa hiyo. Dawa haipotei njiani. Habari zake hupotea, au hufika zikiwa zimebadilika.

Katika hospitali kubwa, pampu za dripu za kisasa huunganishwa na mtandao. Pampu hupokea agizo la daktari, huhesabu mililita kwa saa, na kupeleka taarifa kwenye kumbukumbu ya mgonjwa iliyo katika seva. Teknolojia hii ni njema na inastahili kufika Katavi. Hata hivyo, kuunganisha mashine ni jambo moja, na kuhakikisha kwamba mashine zote zinasema jambo lilelile juu ya mgonjwa yuleyule ni jambo jingine. Hili la pili halinunuliwi pamoja na pampu.

Chukua mfano wa saa. Dozi ya kwanza ya magneziamu salfeti hufuatwa na gramu 5 kila baada ya saa 4, kwa sindano ya msuli, au na gramu 1 kwa saa kupitia mshipa. Tuseme muuguzi wa kituoni amemaliza kutoa dozi ya kwanza saa nne asubuhi, naye akaandika “4:00” kama azungumzavyo kila siku. Kompyuta ya hospitali haijui saa za Kiswahili. Kwake hiyo ni saa kumi alfajiri. Mgonjwa akifika saa sita na nusu mchana, mfumo utaonyesha kwamba dozi yake ya pili ilipaswa kutolewa saa mbili asubuhi na kwamba amecheleweshwa mno. Ukweli ni kwamba dozi hiyo inatakiwa saa nane mchana. Tofauti ya saa 6 baina ya saa mbili hizi ni kubwa kuliko muda wote unaotenganisha dozi na dozi.

Muuguzi makini atapima kwanza. Atahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Atagonga goti aone kama mguu unaruka. Atapima mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Vipimo hivyo vimeokoa wengi, wala hakuna mashine inayoviondolea umuhimu. Lakini si haki kumwachia muuguzi mmoja, katika wodi iliyojaa, kazi ya kukanusha peke yake maandishi yanayong’aa kwenye kioo.

Mfano wa pili ni jina. Mpimbwe ni nchi ya Wapimbwe, na Wasukuma wengi wamehamia humo na mifugo yao. Jina la Kisukuma lenye “ng’w” huandikwa kwa namna tatu au nne, kutegemea sikio la karani. Kwa binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa seva ni watu watatu, kila mmoja na robo ya historia yake. Mfano wa tatu ni pampu yenyewe: mgonjwa wa kitanda cha kwanza akiruhusiwa, pampu yake ikahamishiwa kitanda cha pili bila kufutwa jina lake, dawa ya huyu itaandikwa kwa yule.

Hatari hizi hazikuzuliwa Katavi. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilieleza kwamba kati ya mwaka 2005 na 2009 ilipokea taarifa zipatazo 56,000 za matukio mabaya yaliyohusishwa na pampu za dripu. Kasoro za programu zilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Ikiwa nchi yenye umeme na mafundi tele ilijifunza kwa gharama hiyo, hakuna sababu ya Tanzania kulipa karo ileile mara ya pili.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni wa mapema, kwa kuwa vituo vingi vya vijijini bado huhesabu matone kwa macho. Kinyume chake, wakati wake ndio huu. Pampu zitaanza hospitalini, lakini kumbukumbu ya mgonjwa huanza Usevya. Daftari lenye utata likiingizwa kwenye kompyuta huzaa utata uendao kasi.

Yanayotakiwa si mengi. Kila mgonjwa apewe namba moja tangu kituo cha kwanza, iandikwe kwenye utepe wa mkononi, na pampu isianze kazi kabla ya kuisoma. Saa iandikwe kwa tarakimu za saa 24, kituoni na hospitalini, na pampu zote zifuate saa ya seva moja. Orodha ya dawa na mipaka ya dozi iliyomo ndani ya pampu iwe toleo moja wodi zote. Mtandao ukikatika, pampu itunze taarifa zake na kuzipeleka baadaye zikiwa na saa ya tukio, si saa ya kupokewa. Kumbukumbu mbili zikipingana, mfumo usichague mojawapo kimyakimya na kufuta nyingine. Uzionyeshe zote, na mtaalamu mwenye jina aamue na kutia saini.

Masharti haya yaandikwe katika zabuni kabla ya pampu kununuliwa, pamoja na sharti kwamba taarifa zake ziweze kusomwa na mfumo wa GoT-HoMIS unaotumika katika vituo vya umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu ziwe sahihi. Katika wodi, usahihi huo ni sehemu ya tiba.

Vyuo vya afya navyo vina wajibu wao. Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kwamba dawa ambayo haikuandikwa ni kama haikutolewa. Afundishwe pia kwamba dawa iliyoandikwa mara mbili, kwa saa mbili tofauti au kwa majina mawili, inaweza kutolewa mara mbili. Kazi ya kulizuia hilo inaweza kuanza leo Usevya, kwa kalamu na daftari lililopo, kwa kuandika “10:00” mahali pa “4:00”.