Maikrofoni Bora Haitoshi

Ngoma haichezwi mara mbili kwa namna ileile. Ikinaswa vibaya, imepotea. Kwa hiyo shule inayotaka kuhifadhi muziki wa mahali pake isianze kwa kuuliza bei ya maikrofoni, bali namna itakavyounganishwa na kinasa sauti.

Maikrofoni nyingi za studio ni za aina ya kondensa. Kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48, ambao hupelekwa kwa waya uleule uletao sauti. Tundu la milimita 3.5 katika vinasa sauti vidogo hutoa volti chache tu, au halitoi kabisa. Plagi ya kubadilisha umbo itaingia vizuri, lakini haizalishi umeme. Maikrofoni itakaa kimya.

Tena, waya wa maikrofoni hizo una nyuzi mbili ndani ya kinga moja. Mvumo wa umeme wa majumbani, wenye mitetemo 50 kwa sekunde, huziingia zote mbili kwa kiasi karibu sawa. Kinasa sauti chenye matundu ya pini tatu hukuza tofauti tu baina ya nyuzi hizo: mvumo hujifuta, sauti ya zeze hubaki. Tundu dogo la kawaida halina uwezo huo.

Rai yangu ni kwamba jambo hili lifundishwe katika somo la umeme, mbele ya vifaa vyenyewe. Mwanafunzi aelewaye kwa nini mvumo hujifuta amejifunza fizikia, na papo hapo ameokoa urithi wa wazee wake.