Kazi za Mikono: Kuchagua Chuma cha Kulehemu

Vijana wetu wa Mbinga, na wa kando ya Ziwa Nyasa toka Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, wengi wao hupenda kuifungua redio iliyonyamaza, au taa ya mvuvi wa usipa iliyokatika waya, waitengeneze kwa mikono yao. Jambo hili ni jema: ni elimu, tena ni akiba ya mali ya nyumba. Lakini kazi hiyo yataka chuma cha kulehemu, na akinunuaye bila ya kufikiri huiharibu redio ya baba yake badala ya kuiponya.

Kwanza, kijana ajiulize: nyumbani kwetu pana umeme gani? Njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea mwaka 2018. Na penye soketi yatosha chuma cha volti 230 chenye wati 25 hadi 40. Atazame kwamba kina waya wa ardhi na plagi ya miguu mitatu. Cha wati 100 ni cha mabati na nyaya nene. Kwenye bodi ya redio hubandua njia nyembamba za shaba. Wala kipande cha shaba kipashwacho kwenye jiko la makaa, kama wafanyavyo mafundi wa makopo, hakifai hapa, kwa kuwa moto wake hauna kipimo.

Penye paneli ya jua na betri tu, anunue cha volti 12 kifungwacho kwenye betri yenyewe. Cha wati 30 kikiwaka nusu saa hula wati-saa 15. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ikijaa huwa na wati-saa 84. Basi imepungua karibu sehemu moja katika sita. Kazi hiyo ifanywe mchana jua likiwaka, nyumba isije ikakaa gizani wakati wa Isha.

Pili, ncha. Iliyo bapa kama patasi ndogo hupeleka moto vizuri kuliko iliyochongoka kama sindano. Ncha nyingi za siku hizi ni shaba iliyovikwa chuma. Ukiikwangua kwa tupa, vazi lile huondoka, na ncha huliwa upesi. Ifutwe kwa sponji yenye maji, kisha ipakwe lehemu kabla ya kuzimwa.

Tatu, lehemu. Yenye bati sehemu 60 na risasi sehemu 40 huyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 hivi, nayo ni nyepesi kwa mwanafunzi. Isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hadi 227 hivi, na yataka subira zaidi. Yote iwe na utomvu wa msonobari ndani yake; dawa ya asidi ya mafundi wa mabati hula nyaya.

Hapa tuna neno na wazazi. Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani lasema hakijulikani kiasi chake kilicho salama. Humdhuru zaidi mtoto mdogo, na mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Basi nyumba yenye watoto wadogo au mja mzito na ichague lehemu isiyo na risasi. Kazi isifanywe jikoni wala juu ya mkeka wa kulia. Dirisha liwe wazi, kwani moshi wa utomvu hudhuru kifua. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na chuma kiwe na kiegemeo chake, maana kikilazwa juu ya mkeka chaweza kuunguza nyumba nzima.

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Sabaa kwamba alimlainishia Nabii Daudi chuma, na akamwamrisha apime sawasawa katika kuunga pete za deraya. Tazameni, ndugu: pamoja na chuma ilikuja amri ya kipimo. Atengenezaye redio mara mbili kwa mwaka hana haja ya mtambo wa fundi mkubwa. Kuununua kwa fahari ni israfu. Nguvu isizidi kazi, gharama isizidi haja, na ufundi wetu usimdhuru aliye nyumbani. Wabillahi taufiki.