Chuo Kidogo? Soma Kilichokizaa

Msimu wa kuomba vyuo una tabia yake: kila mtu anageuka mshauri. Mjomba anasema soma sheria, maana kwenye ukoo hatuna wakili. Jirani anasema soma uhasibu, kwani hela hazijawahi kukosa wa kuzihesabu. Kaka aliyeko Dar anasema siku hizi kila kitu ni kompyuta na akili mnemba, wewe utabaki wapi? Kijana mwenyewe aliyemaliza kidato cha sita amekaa katikati, kimya, anasubiri watu wazima wamalize.

Wale wenye ufaulu wa kutisha sina la kuwaambia. Hao watakwenda Mlimani au Muhimbili, na kozi watachaguliwa na alama zao. Nataka kuongea na wale ambao chuo kilichowakubali ni kidogo. Kile chenye majengo matatu, bwalo moja na maktaba inayofungwa saa mbili usiku. Mimi mwenyewe nondo yangu nimeilia kwenye chuo cha aina hiyo na sioni haya kusema. Chuo kidogo kina raha zake. Mhadhiri anakujua kwa jina, na ukikosa vipindi viwili anakuuliza kama unaumwa.

Lakini chuo kidogo kina mtego wake, na mtego wenyewe ni orodha ya kozi.

Msimamo wangu ni huu, mtanipinga baadaye: ukienda chuo kidogo, soma kile ambacho chuo hicho kilizaliwa kukifundisha. Achana na ile kozi mpya iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye kipeperushi.

Vyuo vyetu vingi havikuanza kama vyuo vikuu. Kila kimoja kina mzizi wake. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, kazi yake ikiwa kuwaandaa watu wa vyama vya wakulima. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Ardhi ilianza mwaka 1956 kama shule ya kufundisha wapima ardhi, ikapanda ngazi moja moja hadi kuwa chuo kikuu mwaka 2007. Makumira ilikuwa shule ya kufundisha wachungaji wa Kilutheri miaka mingi kabla haijafikiria kozi nyingine. Hata Nyegezi kule Mwanza, ambako leo ni SAUT na si padogo tena, ilikuwa ikifundisha waandishi wa habari muda mrefu kabla ya kuitwa chuo kikuu mwaka 1998. Ingia chumba chochote cha habari nchini uulize wakubwa walisoma wapi. Jina la Nyegezi hutalikosa.

Faida ya kozi ya mzizi ni nini? Wahadhiri wake wameajiriwa na wana ofisi. Vitabu vyake vimo kwenye rafu. Kubwa zaidi, waliokutangulia wamo makazini. Ukienda kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, unayemkuta mezani huenda alikaa kwenye dawati lilelile ulilokalia wewe. Hilo haliandikwi kwenye kipeperushi, lakini ndilo linalofungua milango.

Sasa tuitazame kozi mpya. Chuo kidogo, hasa cha binafsi, kinaishi kwa ada. Wanafunzi wakipungua, mishahara inachelewa. Njia rahisi ya kuongeza wanafunzi ni kuongeza kozi, hasa zile zisizohitaji maabara: biashara, utawala, ualimu wa sanaa. Ukiwa na chumba, ubao na mtu wa kusimama mbele, umeshapata shahada ya kuuza. Simlaumu mkuu wa chuo, naye ana mishahara ya kulipa. Ila wewe si mfuko wake wa mishahara.

Wakati wangu kilifunguliwa kitu kipya hivyo hivyo, chenye jina refu la kuvutia. Wenzangu waliokichagua walikuwa na mhadhiri mmoja tu wa kudumu. Wengine walikuwa wa kuazima, wanakuja Jumamosi kutoka kwenye vyuo vyao. Somo la muhula mzima lilishindiliwa ndani ya wikiendi tatu, kisha mtihani. Watu wakasapu kwa makundi, na si kwa uzembe. Walipoanza kuzunguka na barua za kuomba mafunzo kwa vitendo, swali la kwanza kila ofisi lilikuwa: hii kozi ni ya nini? Walikuwa vijana wenye akili kuliko mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuhitaji kumweleza mtu nilichosoma.

Halafu kuna kufuata upepo. Mnaikumbuka ile miaka ambayo sekondari za kata zilichipuka kila kona, kuanzia 2006? Walimu walihitajika kama maji. Vyuo vikaongeza ualimu, na vijana wakajazana huko wakijua kwamba ukimaliza tu unapangiwa kituo. Baada ya 2015 ajira zikabanwa, na zilipofunguka, kipaumbele kikawa kwa walimu wa sayansi. Wa historia na jiografia wakabaki na vyeti vyao kwenye bahasha. Upepo uliokuwa ukivuma walipoingia mwaka wa kwanza haukuwepo walipotoka mwaka wa tatu. Wanaokimbilia leo kozi yoyote yenye neno la kidijitali walitafakari hilo.

Msidhani TCU inalala. Februari 2016 ilifuta kibali cha vyuo viwili vya St. Joseph vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Mwaka 2017 ikazuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kozi 75 kwenye vyuo vingine 22. Baadhi vilirekebisha kasoro vikaruhusiwa tena. Lakini fikiria wewe ndiye uliye ndani siku tangazo linatoka, godoro lako liko hosteli na ada imeshalipwa.

Na deni halijui kama kozi ilikuwa nzuri au mbaya. Ukikopeshwa na Bodi ya Mikopo kisha ukaajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ilikuwa asilimia 8, ikapandishwa mwaka 2016. Aliyesoma kozi yenye wahadhiri na aliyesoma kozi ya Jumamosi wanakatwa sawasawa.

Najua kuna atakayeniambia: kwa hiyo wote tukasome ushirika? Ajira ya ushirika iko wapi? Basi nenda Mtwara na Lindi msimu wa korosho, uone AMCOS zinavyopitisha mali ya wakulima kwa stakabadhi ghalani. Hesabu SACCOS zilizoko mjini kwako. Kuna Tume ya Maendeleo ya Ushirika inayosimamia vyama, kuna COASCO inayovikagua. Sisi waandishi tunaandika kila mwaka habari za viongozi wa vyama waliotafuna fedha za wakulima. Nchi yenye habari za namna hiyo haiwezi kusema haihitaji watu waliosomea kusimamia vyama. Sisemi ajira inakusubiri mlangoni, hakuna shahada ya namna hiyo siku hizi. Nasema jina la kozi kutokuwa tamu mdomoni si ushahidi kwamba haina kazi.

Mwingine atasema kila kozi ya zamani iliwahi kuwa mpya. Kweli kabisa. Kuna kozi mpya zilizoandaliwa vizuri, watu wakasomeshwa kwanza, vifaa vikanunuliwa kwanza. Hizo zina haki yake. Utazitambuaje? Kwa kuuliza.

Tangu 2017 maombi hayapitii tena mfumo mmoja wa TCU, unaomba moja kwa moja chuoni. Ndiyo maana kwenye maonesho ya Mnazi Mmoja mabanda ya vyuo yanakuita kama makonda wa Kariakoo. Usichukue kalamu na kofia ukaondoka. Simama uulize maswali manne. Darasa la kwanza la kozi hii lilihitimu mwaka gani, na wako wapi? Wahadhiri wa kudumu wa kozi hii ni wangapi, na ni nani kwa majina? Bodi ya taaluma inawatambua wahitimu wake, iwe ya wahandisi, wahasibu au madaktari? Na ithibati ya TCU ipo hai? Hilo la mwisho usiridhike na jibu la bandani. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huo, uitafute kozi kwa macho yako. Isipokuwemo, maongezi yameisha.

Akijibu yote bila kubabaika, kasome, hata kama kozi ni ya juzi. Akianza kukusifia mandhari ya chuo na uwanja wa mpira, mshukuru, kisha umuulize walianza na kozi gani.

Wazazi nanyi, tafadhali. Mtoto akirudi nyumbani akisema amechagua kozi ambayo jina lake hamlijui, kabla ya kumgombeza mwacheni awaeleze aliuliza nini na akajibiwa nini. Huenda katika ukoo mzima yeye ndiye pekee aliyeuliza.